Sauti Yangu Umeizika Wapi?

Flashi ya kompyuta ilikuwa imefichwa kifuani, upande wa moyo, na moyo wenyewe ulikuwa unaigonga kana kwamba unataka kuitema. Mpiga Pasi hakuwa amekuja kusalimia. Alikuja kuchukua wimbo wake, vipande vyote, sauti mbali, gitaa mbali, ngoma mbali, halafu amwambie Fundi aliyemrekodi kwamba mambo yao yameishia hapo hapo mlangoni. Maneno alishayaandaa tangu jana jioni. Aliyanyoosha kama anavyonyoosha kola za mashati ya watu pale kwenye duka la dobi anakofanya kazi, hadi hayakubaki na mkunjo hata mmoja.

Tatizo, nyuma yake alikuwa anahema Shangazi.

Shangazi hakualikwa. Alitumwa na kaka yake, yaani baba wa Mpiga Pasi, aliyesema binti yake hataingia chumbani kwa mwanamume, hata kiwe chumba cha kurekodia nyimbo, bila mtu mzima wa kuangalia. Shangazi alikubali haraka mno. Nyimbo anazipenda kidogo. Mambo ya watu ndiyo anayoyapenda sana.

"Huyu ndiye aliyesema atatuma wazee wake nyumbani?" aliuliza wakiwa wanakata kona ya uchochoro.

"Ndiye."

"Mbona hawafiki? Wanakuja wakitambaa?"

Mpiga Pasi aliongeza mwendo. Jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa linamuuma. Kila alipomuuliza Fundi habari za wazee, Fundi alisema, "Subiri kidogo, mama namlainisha." Basi wiki hii mama mwenyewe alikuja dukani. Aliweka mapazia yake juu ya meza, akamtazama Mpiga Pasi kuanzia kilemba hadi viatu, akasema kwa sauti ya chini, tena akitabasamu: "Binti, mwanangu ataoa mke. Hataoa redio. Sauti ya mkwe wangu haitaingia kwenye vyumba vya watu nisiowajua." Kisha akauliza mapazia yatakuwa tayari lini.

Na jana jioni, Fundi akamtumia wimbo kwenye simu. *Umekamilika, mpenzi.* Mpiga Pasi aliufungulia pale pale dukani, wenzake wakaacha kazi, wakakusanyika. Ngoma ikapiga. Kinanda kikacheza. Dada anayekunja mashuka akainamisha sikio, akauliza bila ubaya wowote, "Anayeimba yuko wapi? Mbona kama yuko nyumba ya pili?"

Hapo ndipo pasi ilipoachwa juu ya shati la mtu mpaka likatoa moshi.

*

Mlango ulifunguliwa kabla hawajagonga. Fundi alikuwa amesimama pale, mrefu, mwembamba, hedifoni shingoni, na yale macho yake ya usingizi ambayo Mpiga Pasi alijikataza kuyatazama. Aliyatazama. Yakamtazama. Akajikaza haraka, akahamishia macho kwenye shati.

Shati lilikuwa na mistari miwili ya pasi kwenye kila mkono. Mtu anayejua kazi huweka mmoja.

"Nani amekupigia pasi?" aliuliza.

"Ha? Mama."

"Mama."

"Ndiyo, mama. Karibuni. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba," Shangazi alijibu, naye tayari ameshaingia, ameshakaa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, na ameshahesabu kwa macho kila kilichomo. Chumba kilikuwa stoo ya nyumba ya mama yake Fundi. Kuta zilivishwa magodoro, darini yamebandikwa matrei ya mayai, na kwenye pembe kulikuwa na kabati la nguo lililotolewa milango na kuwekewa blanketi nzito mbele. Humo kabatini ndimo Mpiga Pasi alimoimbia wimbo wake, gizani, akisikia pumzi za Fundi kwenye hedifoni kama mtu aliyelala mto mmoja naye. Sasa hakutaka hata kulitazama hilo kabati.

"Nimekuja kuchukua vitu vyangu," alisema.

"Vitu gani?"

"Wimbo."

Fundi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Hujaupenda?"

"Mbaya."

"Hapana, usiniambie hivyo. Unajua utaratibu wangu, hata waimbaji wa kwaya nawaambia. Mzuri na mbaya havinisaidii. Niambie ni wapi, niambie unasikia nini, niambie ulitaka usikie nini. Nitarekebisha."

Utaratibu! Mpiga Pasi alimkodolea macho. Mtu kamzika mwenzake mzima mzima, sasa anataka aonyeshwe kaburi. Lakini akawaza: vizuri. Nitakaa. Nitasikiliza naye, nimtazame usoni kila sehemu, nione atakapobabaika. Mwongo ana mahali pake pa kumezea mate.

"Fungulia," alisema.

Fundi aligeukia mitambo. Mbele yake palikuwa na kompyuta, na kando yake kibao chenye vitufe virefu vya kusukuma juu na chini, kila kitufe na sauti yake: hiki ngoma, hiki besi, hiki kinanda. Kitufe cha sauti ya Mpiga Pasi kilikuwa na utepe mwekundu. Zamani utepe ule ulimpendeza. Leo aliuona kama alama wanayowekewa mbuzi wa kuuzwa.

Wimbo ukaanza. Gitaa likaingia peke yake, taratibu, likitembea kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka, na Mpiga Pasi akachukia jinsi lilivyomgusa. Kisha ngoma. Kisha besi. Kisha vyote. Shangazi aliinua kidole.

"Samahani, baba. Mwanangu anaanza kuimba saa ngapi?"

"Ameshaanza, Shangazi."

"Ahaa." Shangazi alitega sikio tena. "Mimi nilidhani ni mlango wa jirani unalia."

Mpiga Pasi alimtazama Fundi. Hakumeza mate. Alikunja uso kwa mshangao, kama mtu aliyeambiwa kwamba pua yake haipo.

"Mbona inasikika? Iko juu kabisa hiyo sauti."

"Iko juu ya nini?" Mpiga Pasi aliuliza. "Haya, ulitaka wapi, nakupa wapi. Ubeti wa kwanza. Naanza kwa chini, si ndiyo? Na hiyo ngoma yako kubwa iko huko huko chini, na besi nayo huko huko. Wote watatu tumesukumwa kwenye mlango mmoja, na mimi ndiye mdogo. Ipunguze besi au nipishe."

Fundi alichukua penseli. "Endelea."

"Ubeti wa pili. Kinanda kinanijibu kabla sijamaliza kuuliza. Nikiimba kinyamaze, nikipumzika ndiyo kiseme. Kwenye kiitikio umenimwagia mwangwi mpaka maneno yanakanyagana, la kwanza halijatoka, la pili limeshalipanda mgongoni. Punguza. Nataka mtu aliyeko jikoni, maji yanachemka, asikie kila neno."

"Na gitaa?"

Hapo Mpiga Pasi akasita. Mdomo ulitaka kusema gitaa nalo baya. Ukashindwa.

"Gitaa la mwanzo usiliguse," alisema taratibu. "Pale... pale ulinipata."

Macho yao yakakutana. Chumba kile chenye magodoro ukutani kina ukimya wa peke yake, ukimya unaokufanya usikie hata kope zikigongana. Fundi alisogea nusu hatua. Shangazi akakohoa kikohozi kilichokuwa kimeandaliwa nyumbani.

"Na sauti yangu," Mpiga Pasi akaendelea, "nani alikuambia uiteremshe?"

"Hakuna mtu."

"Usinifanye mtoto. Mama yako alikuja dukani."

"Mama yangu? Kufanya nini?"

"Kuleta mapazia! Akaniambia hutaoa redio. Akaniambia sauti yangu haitaingia vyumbani mwa watu. Wiki haijaisha, naletewa wimbo ambao mimi simo! Ulisema unamlainisha. Nani amemlainisha mwenzake?"

"Sikujua. Naapa sikujua kama alikuja."

"Na shati kakupigia yeye."

"Shati linaingiaje hapa?"

"Linaingia!"

Kama nilivyosema, kuta zina magodoro. Lakini mlango hauna. Ukasukumwa kutoka upande wa nyumba, akaingia mama mwenyewe, mikono ina povu la sabuni hadi kwenye viwiko.

"Nimesikia natajwa," alisema. "Nikaona nije nitajwe nikiwepo."

"Shikamoo, mama," Mpiga Pasi alisema. Hasira ni hasira, shikamoo ni shikamoo.

"Marahaba. Mapazia yangu?"

"Jumatatu."

Mama na Shangazi wakapimana. Wanawake wawili wa umri mmoja, kila mmoja amemleta mtoto wake vitani.

"Karibu, mwenzangu," alisema mama.

"Nimeshakaribia," alisema Shangazi, bila kukiachia kile kiti.

Fundi alimshika mama yake bega. "Mama, uliwahi kuniambia niipunguze sauti ya huyu kwenye wimbo?"

"Mimi? Nikuambie wewe ili iweje? Nikitaka kumnyamazisha mtu naenda mwenyewe. Nilikwenda, muulize."

Hilo lilikuwa kweli, na Mpiga Pasi alilijua, lakini ukweli ukitoka kwa adui huwa una ladha ya dawa. Akaanza kuhesabu: je, wamepanga? Mbona mama ameingia haraka hivyo? Alikuwa nyuma ya mlango muda gani?

"Basi sikiliza," Fundi alimwambia mama yake. "Huu wimbo hujawahi kuusikia, mimi huusikiliza kwa hedifoni. Niambie anasema nini."

Akaufungulia upya. Mama aliinamisha kichwa, povu likimdondoka. Ulipofika katikati akatikisa kichwa.

"Nasikia ngoma nzuri. Kuna na mtu analalamika kwa mbali, kama yuko ndani ya pipa. Anasema nini sijui." Akamgeukia Mpiga Pasi, na kwa mara ya kwanza tabasamu lake lilikuwa la kweli. "Kama hivi ndivyo unavyoimba, binti, basi mimi sina neno tena. Hutamsumbua mtu."

Shangazi alipiga paja. "Umesikia! Amefurahi! Mwanangu, hawa wamekula njama."

"Njama gani?" mama aling'aka. "Huyu? Huyu siku hizi hata chumvi hajui kama imo. Anakaa hapa na hayo madude masikioni, macho kafumba, midomo inatembea kama anasali. Nikimwita hasikii. Nikadhani amerukwa na akili."

Midomo inatembea.

Mpiga Pasi aliganda. Neno lile lilimwingia na kukaa, kama sindano iliyopotea kwenye shati. Alijisogeza karibu na mitambo, karibu kuliko alivyokuwa amejiruhusu, akanusa ile harufu ya sabuni na nyaya zilizopata moto ambayo ilikuwa harufu ya Fundi.

"Urudie," alisema kwa upole uliomtisha hata Shangazi. "Weka kiitikio. Fumba macho kama unavyofanya kazi siku zote, uniambie wapi sauti yangu iko sawa."

Fundi alimtii. Alifumba macho. Wimbo ukaanza, na Mpiga Pasi hakuusikiliza. Alimtazama midomo. Midomo ile ilikuwa inaimba. Haitoi sauti, lakini inaimba, tena inatangulia: neno halijafika kwenye spika, kwake limeshapita. Hata pale Mpiga Pasi anapovuta pumzi wimboni kabla ya kiitikio, kifua cha Fundi kilipanda.

Akanyoosha mkono polepole. Akakishika kile kitufe chenye utepe mwekundu. Akakivuta chini. Chini. Chini hadi mwisho.

Sauti yake ikatoka kwenye wimbo. Zikabaki ngoma na besi na kinanda, mama akamtazama Shangazi, Shangazi akamtazama mama, hakuna aliyepumua.

Fundi alikuwa anatikisa kichwa. Macho yamefumba, uso umelainika kama wa mtu anayeota jua. Akainua kidole.

"Hapa," alisema. "Hapa hapa. Hapa uko sawa kabisa."

Shangazi akaziba mdomo kwa mtandio, lakini kicheko kilitokea puani. Mama hakucheka. Alimtazama mwanawe kama unavyomtazama mtu ukigundua ana homa kali.

"Fumbua macho," Mpiga Pasi alisema.

Fundi alifumbua. Akaona kidole. Akaona kitufe kilipo. Damu ikamshuka usoni, akasikiliza, safari hii kwa masikio, na ngoma ikaendelea kupiga peke yake kama shughuli ambayo mwenyewe hayupo.

"Nilikusikia," alinong'ona. "Naapa nilikusikia. Kila neno."

"Najua."

"Nimekusikiliza mpaka... siku ya kwanza nilikuweka juu. Kesho yake nikaona unapiga kelele, nikakupunguza. Nikakusikia vile vile. Nikapunguza tena. Kila nilipokushusha, ulikuwepo. Nikadhani masikio yananiambia kweli."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa kiti kina mwenyewe. Mpiga Pasi alihisi machozi, na aliyachukia, kwa sababu yalikuwa matamu. Nani amewahi kupendwa hivi? Mtu anakusikia hata ukizimwa! Alikuwa amebakiza kidogo tu apige magoti pale kando ya ndoo. Ndipo shaka, ile ile aliyokuja nayo, ikamgusa bega na kumwonyesha upande wa pili wa jambo lile.

"Kwa hiyo mimi nikinyamaza au nikisema, kwako ni sawasawa," alisema.

"Sikumaanisha hivyo."

"Nikiwa mkeo, nikakuambia naumwa kichwa, utamsikia nani? Mimi, au huyo uliyenaye humo kichwani ambaye hajawahi kuumwa?"

Fundi alifungua mdomo. Akaufunga. Angalau, Mpiga Pasi aliwaza, hakudanganya haraka.

"Huo wimbo siuwezi," Fundi alisema mwishowe. "Nitaweza nyimbo za watu wote, huo siuwezi tena. Masikio yangu yameshauharibu. Mpelekee Kipara."

"Kipara? Si ulisema ana masikio ya sufuria?"

"Nilisema hivyo kwa wivu. Ni fundi mzuri. Hajawahi kukusikia, na hakupendi. Atakuweka panapostahili."

Mpiga Pasi alimchunguza. Hivi huku ni kupenda, au ni kufukuza kwa adabu? Mwanamume akikuambia nenda kwa mwingine, hata kama huyo mwingine ana upara, moyo wa mwanamke hauwezi kukaa bila kuuliza. Alitoa flashi kifuani. Ilikuwa na joto. Fundi alipoipokea alilisikia lile joto, vidole vyake vikachelewa kidogo juu ya vyake, na wote wawili wakajifanya wanatazama kompyuta.

Alianza kunakili vipande. Ili kuhakikisha vimo, alizima ngoma, akazima besi, akazima kinanda, akapandisha kitufe chenye utepe. Sauti ya Mpiga Pasi ikatoka kabatini mwake, peke yake, bila nguo ya kujifunika:

*Mimi si nguo ya sherehe, usinitundike,*
*nivae siku za kazi, nivae nikunjike,*
*jasho lako linipate, vumbi linishike,*
*mradi nitoke nawe, watu wanicheke.*

Povu mikononi mwa mama lilikuwa limekauka. Alijifuta taratibu kwenye gauni.

"Nani katunga hayo?"

"Mimi, mama."

"Ukiwa wapi?"

"Kazini. Nikinyoosha makoti ya harusi."

Mama alilitazama lile kabati. "Mimi bado sitaki mkwe mwimbaji," alisema. "Nisikudanganye. Lakini sasa nimesikia, siwezi kusema sijasikia." Kisha macho yake yakabana kidogo, yakawa ya mtu anayekagua nyanya sokoni. "Na huyo anayeambiwa asitundike nguo, ni nani?"

"Ni mimi," Fundi alisema papo hapo, na tabasamu likaanza kurudi.

Mpiga Pasi alimgeukia. Polepole.

"Nani amekuambia?"

"Si..." Tabasamu likakwama njiani. "Si ni mimi?"

"Umekaa na huo wimbo muda wote huu. Umeurudia mpaka midomo inajua. Siku hata moja, uliniuliza namwimbia nani?"

"Nilijua."

"Ulijua. Kama ulivyojua sauti iko juu."

Akachomoa flashi mwenyewe, akairudisha ilikotoka. Akajifunga mtandio. Shangazi alisimama, akiwa na uso wa mtu anayetolewa kwenye sinema kabla haijaisha.

"Ngoja," Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa na makali ambayo Mpiga Pasi hakuwahi kuyasikia. "Ni nani? Ni yule anayeleta makoti? Yule wa hotelini?"

"Kwetu wapo baba yangu na wajomba zangu. Mwenye swali anajua adabu ya kuliuliza. Mama, kwaheri. Mapazia Jumatatu."

Wakatoka. Nyuma yao, kabla mlango haujafungwa vizuri, walisikia wimbo unaanza upya. Sauti peke yake, juu kabisa, kisha ukasimamishwa. Mstari ule ule ukarudiwa. *Mradi nitoke nawe.* Ukasimamishwa. Ukarudiwa. Mtu alikuwa anausikiliza sasa, neno kwa neno, jinsi mwenye wivu anavyosoma simu isiyo yake.

Uchochoroni Shangazi hakuweza kuvumilia hata nyumba mbili.

"Niambie mimi damu yako. Ni nani?"

"Ni yeye, Shangazi. Nani mwingine?"

"Sasa umemwacha anaungua kwa nini?"

"Nataka anisikie nisipokuwa nasema anachokijua." Akatembea hatua chache. Shaka haikuwa imekwisha, bado ilikuwa inatafuna pembeni. "Na kama hataki kuja kuuliza, Shangazi, basi nilikuwa namwimbia mtu ambaye hayupo. Wimbo ninao. Kipara ataunyoosha. Nitaponea hapo."

"Utaponea, ila utakonda," alisema Shangazi.

Nyuma yao viatu vikasikika vinaburuzwa kwa haraka, viatu vya mtu asiyezoea kukimbia. Mpiga Pasi aligeuka, moyo juu. Hakuwa Fundi. Alikuwa mama, ameshika mkoba, kilemba kimekaa upande, na pumzi zinamkimbia.

"Nyinyi! Simameni." Alijishika kiuno, akavuta hewa. "Mimi nina mtoto mmoja. Sijasema nakutaka. Lakini mtu aje asimame chumbani kwangu aniimbie maneno kama yale, halafu niambiwe huenda anaambiwa mtoto wa mwanamke mwingine? Huyo mwingine ana nini ambacho mwanangu hana? Ana urefu? Ana kazi?"

"Mama, mimi sikusema..."

"Hukusema, ndiyo kinachonitia wazimu! Hukusema!" Akarekebisha kilemba, akajitahidi kurudisha ule uso wake wa kuja na mapazia, ukagoma. "Mtaa wenu unaitwaje? Na baba yako anashinda nyumbani siku gani?"

Shangazi alianza kujibu, akaanza na mtaa, nyumba, rangi ya geti. Mpiga Pasi alimfinya mkono. Alitazama chini, akatazama juu, akanyoosha mtandio ambao haukuwa umekunjika, akamwacha mama yule asubiri jibu kidogo, kidogo tu, kiasi cha mtu kuvuta pumzi kabla ya kiitikio.